Masikio ya Kukodi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mvua ikiwa imewafukuza wageni wote Malindi isipokuwa wale waliokosa nauli, Ngumbao alimsikia mtu mzima akiuliza swali ambalo halifai kuulizwa karibu na tapeli.

“Hawa watu wananisema aje?”

Aliyeuliza alikuwa Gerishom, mwenye Utulivu Guest House mtaani Shella. Alikuwa ameinamia kikombe cha chai katika hoteli ndogo ya mahamri, na swali alimwuliza mwenye hoteli, ambaye aliendelea kukaanga.

“Vyumba kumi na mbili,” Gerishom aliendelea. “Wageni wawili. Na mmoja ni shemeji yangu. Ng'ambo ya barabara, Kwa Kahaso, watu wanaingia tu na masanduku. Lazima kuna kitu wananisema.”

Ngumbao, meza ya pili, aliacha kutafuna. Mtu anayetaka kujua anasemwaje ameshavua viatu mwenyewe. Kilichobaki ni kumwonyesha mlango wa kuingilia.

Inafaa tumjue Ngumbao kabla hajaharibu jambo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza na shati lililopigwa pasi mbele tu, kwa kuwa koti lilifunika mgongo. Aliishi chumba kimoja mtaani Muyeye. Kadi yake ilisema “Mshauri”, bila kusema wa nini, maana mambo hubadilika. Mwaka uliopita alikuwa mshauri wa kasa: aliwauzia watalii wa bara vyeti vya kumlea kasa mmoja wa baharini, na kasa yuleyule akapata wazazi thelathini na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa mshauri wa viwanja, ila viwanja vilikuwa vikitembelewa na bahari kila maji yakijaa.

Na sisi watu wa Malindi tunajisifu kwamba hatudanganyiki. Ni kweli. Hatudanganyiki haraka. Sharti tudanganywe polepole, kwa heshima, baada ya chai.

“Samahani, bwana mkubwa,” Ngumbao alisema, akisogea na kikombe chake. “Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na shemeji?”

“Shemeji yuko. Anakula tu.”

“Nimesikia bila kukusudia. Swali lako lina jibu. Siku hizi watu hawasemani barazani, wanasemana mtandaoni. Na mtandao una masikio, ukijua pa kuyakodi.”

Akaeleza. Unachagua maneno: jina la nyumba yako, jina lako, mtaa wako, na ile hashtegi, yaani neno lenye alama ya ngazi iliyolala mbele yake. Maneno hayo unayatega kama ndoana kwenye programu. Kila anayeyaandika, awe Lamu au Ulaya, simu yako inalia ting, na unamjua.

“Yaani mtu akinisengenya akiwa Kitale, simu inalia hapa?”

“Kabla hajafika mwisho wa sentensi.”

Gerishom alikuja pwani miaka ishirini nyuma kufanya kazi ya chumvi, na hakuna chumvi iliyowahi kumkausha mdomo kama maneno hayo. Alilipa wiki mbili papo hapo.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya Ngumbao ilipojitokeza. Tapeli mwenye akili angechukua pesa akahamia Mombasa. Ngumbao alirudi chumbani akaifanya kazi. Aliipata programu ya majaribio, bure kwa siku kumi na nne, akatazama video za mafunzo hadi macho yakamwuma, akatega maneno moja baada ya jingine kwa uangalifu. Alipenda jinsi mistari ya rangi ilivyopanda na kushuka. Akaongeza neno moja la kwake, kwa kujipima tu: “Ngumbao Mshauri”. Neno hilo halikulia siku ya kwanza, wala ya pili. Akajiambia kwamba watu wakubwa husemwa kwa siri.

Neno “utulivu”, hata hivyo, lililia kama king'ora. Siku tatu, mara mia nne na kumi na mbili. Ngumbao alisoma zote. Wachungaji walihubiri utulivu wa moyo. Washauri wa ndoa waliusifu utulivu wa mume. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiizungumzia nyumba ya wageni ya Shella yenye shemeji ndani. Kwa kweli hakuna mtu duniani aliyekuwa akimsema Gerishom, kwa wema wala kwa ubaya.

Ukweli huo hauuziki. Alichapisha mchoro wenye rangi nne akaupeleka.

“Mara mia nne na kumi na mbili?” Gerishom alishika karatasi kwa mikono miwili. “Na huyu ni nani?”

“Kamanda wa polisi. Amewataka wananchi wote wadumishe Utulivu.”

Gerishom aliisogeza karatasi karibu na macho. “Na sijawahi hata kumpa chumba,” alisema, sauti imelainika.

Lakini sifa haikati kiu ya mtu mwenye vyumba vitupu. Siku iliyofuata alimwita Ngumbao uani, akahakikisha shemeji hasikii.

“Kuna walimu arubaini wanakuja mwezi wa nane kutoka Machakos. Siku tano, chakula na malazi. Katibu wao anaitwa Madam Mwikali. Ameuliza kwa hiyo kundi ya mtandao, Karibuni Malindi, walale wapi: kwangu ama Kwa Kahaso. Ataamua Ijumaa.” Akasogea. “Sasa hii masikio yako. Haina mdomo?”

Ngumbao alitazama pembeni kama mtu aliyeombwa jambo zito. “Mdomo upo,” alisema. “Lakini masikio na mdomo havilipiwi pamoja.”

Jioni hiyo walizaliwa watu sita. Marvin wa Nairobi, Mama Trizah wa Nakuru, Easter wa Eldoret, na wengine watatu, kila mmoja na picha ya ua badala ya uso. Wote waliwahi kulala Kwa Kahaso, na wote, kwa bahati mbaya, waliumwa na kunguni.

Tatizo la Ngumbao lilikuwa malezi. Bibi yake wa kijiji cha Ganda alimlea kwa fimbo ya mwarobaini na kanuni moja: mtu hasemi haja yake kabla ya salamu, hata kama nyumba inaungua. Kanuni ilikuwa imeingia hadi kwenye vidole. Kwa hiyo Marvin wa Nairobi, kijana mkali wa mjini aliyekasirika kupindukia, aliandika hivi:

“Hamjambo nyote humu kundini. Natumai mmeamka salama na jamaa zenu hawajambo. Poleni na mvua. Mimi nililala Kwa Kahaso nikaliwa na kunguni usiku kucha, sitarudi tena maishani mwangu. Nawatakia siku njema.”

Wengine wote nao walitumai kwamba jamaa zenu hawajambo, na Mama Trizah akaongeza hali za watoto kabla ya kulaani magodoro. Easter alimwombea kila mmoja baraka. Ngumbao alisoma kazi yake akaona imetulia.

Baada ya ugonjwa, dawa. Jumanne alivaa koti, akavuka barabara hadi Kwa Kahaso.

Bi Kahaso alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mtaratibu wa kusema, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alikuwa amekaa kibarazani akichambua mbaazi, na wanawake watatu walikuwa wakifua mashuka nyuma yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Kwenu hawajambo?”

“Hawajambo, mama. Na hapa?”

“Twashukuru Mungu.”

Zilipita dakika kumi za mvua, bei ya nazi na habari za Ganda. Chai ikaja, mahamri yakaja. Ndipo Ngumbao alipotoa simu kwa huzuni kubwa. “Mama, sikupenda kuwa mimi wa kukuletea haya.”

Bi Kahaso alivaa miwani akasoma maneno ya wale sita, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alipomaliza akarudia tena tangu mwanzo.

“Huyu Marvin,” alisema hatimaye, “ni mtu wa adabu sana.”

“Adabu, mama?”

“Ameumwa na kunguni usiku kucha, na bado anauliza kama jamaa zetu hawajambo. Walikuja vijana wa Nairobi hapa mwezi wa nne. Mmoja alikosa maji ya moto. Hakuuliza jamaa ya mtu yeyote.”

“Watu hutofautiana, mama,” Ngumbao alisema, akajimwagia chai kidogo.

“Hutofautiana, kweli.” Bi Kahaso alivua miwani. “Wageni wa mvua hulipa nusu bei. Wasipokuja hao walimu, hawa watatu unaowaona nitawarudisha kwao mwisho wa mwezi. Wamekaa nami miaka tisa. Huyo wa beseni la buluu ana mtoto anaingia sekondari.”

Ngumbao alimtazama mwanamke wa beseni la buluu, kisha akatazama mahamri. Yalikuwa mazuri, na hilo lilimwudhi. Kwa tapeli, mahamri mazuri ni kikwazo cha kazi.

“Naweza kusaidia,” alisema. “Nasikiliza mtandao. Nikijua nani kasema nini, najua pa kuzima moto.”

“Nitakulipa. Lakini mimi ni mtu wa polepole. Siwezi kununua kitu nisichokielewa. Nifundishe.”

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Ngumbao amfundishe kitu. Kifua kilimpanda. Bi Kahaso akatoa daftari, na kwa saa mbili nzima mwalimu akamfunulia mwanafunzi siri zote: maneno ya mtego huchaguliwaje, kwa nini neno moja tupu huleta takataka na maneno matatu pamoja huleta samaki, hashtegi huandikwaje bila nafasi, arifa huingiaje kwenye simu. Bi Kahaso aliandika yote kwa herufi za mviringo.

“Na wewe, mwanangu, umejitega?”

“Naam?”

“Jina lako. Mtu akikusema, utasikia?”

Ngumbao alicheka kwa aibu. “Nimelitega, mama. ‘Ngumbao Mshauri’. Bado halijalia. Nadhani programu ina hitilafu.”

Bi Kahaso aliandika na hilo.

Jumatano saa tatu asubuhi, Ngumbao akinyoa ndevu, simu ililia: ting. Alidhani ni utulivu wa mchungaji mwingine. Ilikuwa jina lake. Mtu fulani kaandika: “Nasikia Malindi kuna bingwa wa kusikiliza mtandao aitwaye Ngumbao Mshauri. Anayemjua?” Ting. “Ngumbao Mshauri ni hodari, ila anapatikana kwa shida.” Ting ya tatu ikamkuta amekaa kitandani, povu limekauka upande mmoja wa uso.

Kabla ya adhuhuri akapata ujumbe. Ulitoka kwa Mkurugenzi Vivian wa Sauti za Pwani, shirika la Kilifi. Lilitafuta mtaalamu mmoja wa kuzisikiliza hoteli zote kuanzia Mtwapa hadi Lamu. Ofisi ipo, gari lipo, kadi yenye cheo ipo. Waombaji walikuwa wanne, hivyo kila mmoja angepimwa: achague nyumba yoyote ya wageni iliyochafuliwa jina mtandaoni, alisafishe jina hilo ifikapo Ijumaa asubuhi, kisha aje Kilifi na ushahidi.

Ngumbao aliusoma ujumbe mara saba. Mtu aliyeishi miaka kumi kwa kuwaahidi wenzake magari yasiyokuwapo alipaswa kulinusa gari hili. Hakulinusa. Gari unaloahidi wewe halina magurudumu. Gari unaloahidiwa linanguruma mlangoni.

Sasa, nyumba ipi Malindi ilikuwa na jina chafu? Alifikiri kwa bidii, akapekua kurasa zote. Ilikuwapo moja tu. Aliichafua mwenyewe.

“Haidhuru,” alijiambia. “Gerishom nitamtuliza baadaye.” Moyo nao ukampa sababu ya pili, ya yule mama wa beseni la buluu. Akaikubali, kwa sababu hakuna tapeli anayekataa kuonekana mwema bila gharama.

Alifanya kazi Jumatano yote na Alhamisi yote, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna aliyemlipa. Wale sita walirudi kundini mmoja baada ya mwingine. Mama Trizah aliomba radhi kwa machozi. Easter aliukumbuka mchuzi wa nazi wa Kwa Kahaso kwa aya tatu. Lakini jambo moja lilihitaji maelezo: kunguni walikuwa wapi? Mtu hawezi kuumwa na kitu Jumatatu kikawa hakipo Alhamisi. Ngumbao aliyeheshimu kazi alitaka hadithi isiyovuja, na Marvin ndiye aliyeitoa:

“Hamjambo tena nyote. Natumai siku inakwenda vyema. Naomba radhi sana, nilichanganya nyumba. Kwa Kahaso ndiko nilikohamia baadaye, nikalala kama mtoto. Ile ya kunguni ni ya ng'ambo ya barabara. Mungu awabariki.”

Akaituma, akaridhika, akaenda kutafuta mtu wa kumpigia koti pasi, safari hii pande zote.

Ijumaa asubuhi alipanda gari la Kilifi, karatasi zake ndani ya bahasha. Anwani ilimfikisha nyuma ya soko, kwenye duka lenye magunia ya pumba. Bango lilisema: Chakula cha Kuku. Ndani, msichana mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi alikuwa akipima kilo mbili.

“Natafuta Sauti za Pwani,” Ngumbao alisema. “Mkurugenzi Vivian.”

“Ndimi Vivian.” Alimtazama koti. “Wewe ndiwe Ngumbao? Shangazi amesema nikupe soda, upumzike kidogo, kisha urudi zako.”

“Shangazi gani?”

“Shangazi Kahaso. Baridi ama ya kawaida?”

Alikunywa ya baridi. Hakukuwa na jingine la kufanya. Alikuwa nusu ya chupa Gerishom alipopiga simu, na hakusalimu.

“Ngumbao! Kunguni zimevuka barabara aje?”

“Bwana mkubwa, hujambo?”

“Usiniulize hujambo! Madam Mwikali amenipigia. Anasema amesoma Marvin. Anasema ng'ambo ya barabara ya Kahaso ni mimi peke yangu na posho mill ya kusaga unga! Amepeleka walimu wote kwa huyo mama. Arubaini! Marvin ni wako, mimi ndiye nimemlipa!”

“Marvin ametutoka kidogo mkononi.”

“Niko hapa Muyeye kwa mlango yako. Niko na shemeji. Hatimaye amepata kazi.”

Ngumbao alipofika Malindi hakuelekea Muyeye. Alipita vichochoro vya nyuma hadi Kwa Kahaso. Wale wanawake watatu walikuwa wameanika magodoro ua mzima, wakiyapiga fimbo na kuimba. Mwenye beseni la buluu alicheka alipomwona, bila ubaya wowote. Bi Kahaso alikuwa kibarazani, daftari pajani.

“Shikamoo,” Ngumbao alisema. Bibi wa Ganda asingekubali kingine.

“Marahaba. Umekunywa soda?”

“Nimekunywa. Mama, umenidanganya.”

“Katika lipi, mwanangu? Ulisema mtu akikutaja utasikia. Nilikutaja, ukasikia.”

“Ulijua lini?”

Bi Kahaso alifungua daftari bila haraka. “Jumanne, hujamaliza mahamri. Ulipoondoka nikatega kama ulivyonifundisha, maneno matatu pamoja: ‘jamaa zenu hawajambo’. Yakaleta watu sita. Na wa saba ulikuwa wewe, ukurasa wako wa biashara, mwaka jana, ukiuza kasa.” Akafunga daftari. “Umefundisha vizuri sana. Nilitaka kukushukuru kwa mwanafunzi aliyefaulu, lakini ulikuwa na shughuli ya kunisafishia jina.”

Ngumbao alikaa chini kwenye ngazi. Alitaka kukasirika, akajikagua kwa makini, asione pa kuanzia. Kazi ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wake, hata kunguni walikuwa wake.

“Gerishom yuko mlangoni kwangu,” alisema. “Na shemeji.”

“Nimesikia. Hapa hawezi kuja. Akivuka barabara hii, watu watadhani anakimbia kunguni.”

“Basi, mama, naomba chumba. Siku mbili tatu, mpaka mambo yapoe.”

“Vyumba vilivyo vitupu nimevifunga, vinapakwa chokaa kwa ajili ya walimu. Kuna stoo, nitakutandikia. Utalipa mapema. Na bei ni ya msimu.”

“Mama! Huu si msimu.”

“Kwangu umeanza leo.”

Ngumbao alitoa alichopewa na Gerishom kwa ajili ya masikio, akaongeza alichopewa kwa ajili ya mdomo, na vyote vikaingia katika mfuko wa aproni ya Bi Kahaso bila kelele. Alilala kati ya gunia la mchele na madebe ya mafuta. Kulikuwa na hewa nzuri. Asubuhi aliletewa mbaazi za nazi na mahamri sita, na hakuna mtu aliyemsimanga, jambo ambalo lilimchoma kuliko matusi.

Siku ya tatu Bi Kahaso alimwambia, “Umelala, umekula. Wageni wangu wote nawaomba waandike neno kule kundini. Nawe uandike. Kwa jina lako, na iwe kweli.”

Ilimchukua asubuhi nzima. Mara mbili alifuta, akaanza upya. Hatimaye aliandika kwamba anaitwa Ngumbao, wa Muyeye, kwamba amelala siku tatu Kwa Kahaso, godoro ni jembamba lakini safi, mbaazi hazina mfano, mwenye nyumba ni mwerevu kupita anavyoonekana, na hajaona kunguni hata mmoja.

Akabonyeza. Maneno yakaonekana kundini kwa dakika moja hivi. Kisha yakatoweka, na mahali pake pakatokea ilani ndogo ya kijivu: ujumbe huu umeondolewa kwa kushukiwa kuwa umeandikwa na mtu asiyekuwapo.

Marvin wa Nairobi, Mama Trizah wa Nakuru na Easter wa Eldoret bado wako pale. Madam Mwikali amewaandikia kuwashukuru, naye Marvin, inavyofaa, amemwuliza kama walimu wote hawajambo.